MTOTO MWENYE MTINDIO WA UBONGO ASIFICHWE NDANI



Mtoto wako amefikisha miezi minne, lakini shingo bado haijakaza. Amefikisha miezi tisa, lakini hawezi kukaa. Miguu yake imekakamaa na inapishana kama mkasi. Usingoje. Mpeleke kituo cha afya.

Huenda ana mtindio wa ubongo. Huu si uchawi, wala si kosa la mama. Ubongo uliumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au baadaye. Huweza kumpata mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyezaliwa njiti, au aliyeugua manjano kali, homa ya uti wa mgongo au malaria kali.

Mama mmoja wa hapa Mpui alituletea mtoto wa miaka miwili. Mbuzi watatu walikuwa wamekwenda kwa waganga. Mtoto alikuwa amekonda sana, kwa sababu alilishwa amelala chali, akawa anapaliwa. Tulimfundisha mama kumkalisha. Ugonjwa haukuisha, lakini leo mtoto anakula uji wa ulezi na amenenepa.

Hakuna dawa ya kuponya ubongo ulioumia. Lakini mazoezi ya kila siku, yakianza mapema, humsaidia sana mtoto. Fanyeni haya nyumbani, baba naye asaidie:

1. Mlishe akiwa amekaa, kichwa kimeinama mbele kidogo. Mpe uji mzito kwa kijiko, kidogo kidogo.

2. Mbebe mgongoni kwa kanga, miguu ikiwa imetanuka.

3. Mlaze kifudifudi juu ya nguo iliyokunjwa. Mwonyeshe kitu cha kuchezea ili ainue kichwa. Usimwache peke yake.

4. Nyoosha mikono na miguu yake polepole. Usivute kwa nguvu.

5. Zungumza naye. Wengi wanaelewa, ingawa hawawezi kusema.

Kama ana kifafa, apewe dawa kila siku kama alivyoandikiwa. Usiikatishe. Wengine huhitaji kiti maalumu, vifaa vya kunyoosha miguu au upasuaji. Tukiona hivyo, tutakuandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa, Sumbawanga. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, nayo huwahudumia watoto hawa.

Mtoto huyu ana haki ya kutibiwa na kusoma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema hivyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mtoto asilishwe akiwa amelala?

2. Je, kijijini kwetu kuna mtoto aliyefichwa ndani? Tutamsaidiaje mama yake?