App Imekwama? Usibonyeze "Lipa" Mara ya Pili

App inazunguka tu, foleni nyuma yako inaanza kuguna, na salio huoni. Siku kama hizo swali tunaloulizwa zaidi ni hili: "Pesa yangu imeenda wapi?" Mara nyingi haijaenda popote.

Ombi lako la kulipa halifiki moja kwa moja kwenye rekodi za salio. Linapokelewa kwanza na seva ya mlangoni, iitwayo proksi, ambayo hulikagua na kulipeleka linakohusika. Proksi ikilemewa, huduma yote huonekana imekufa, hata kama rekodi zilizo nyuma yake hazijaguswa.

Tarehe 10 Oktoba 2023, Google, Amazon na Cloudflare walitangaza udhaifu katika HTTP/2, utaratibu ambao simu na seva hutumia kuongea. Ujanja wenyewe ni rahisi mno. Chukulia jamaa ameingia kwa kibanda cha ajenti: "Nitolee mia tano." Ajenti akifungua tu kitabu, jamaa anasema, "Wacha." Halafu, "Nitolee elfu." "Wacha." Kibanda kina sheria: hakuna mtu kuwa na maombi zaidi ya mia kwa wakati mmoja. Lakini yaliyofutwa hayahesabiwi, kwa hivyo jamaa hafikishi mia kamwe. Ajenti anachoka bure, na wewe mwenye shida ya kweli umesimama nje. Agosti ya mwaka huo, Google walipigwa na maombi zaidi ya milioni 398 kwa sekunde moja. Programu za proksi kama nginx na Envoy zilibidi zirekebishwe, ili anayefuta ovyo akatwe laini.

Hapo hakuna sefu iliyovunjwa. Mlango ndio uliozibwa. Hata eCitizen ilipofurikishwa maombi Julai 2023, katika shambulio lingine, waziri wa wakati huo Eliud Owalo alisema hakuna data iliyopotea.

Kinachomuumiza mteja ni kile anachofanya akiwa na haraka. Ombi lako linaweza kufika na kulipwa, kisha jibu likwame njiani likirudi. Kukosa meseji si kukosa kulipa. Ukibonyeza tena, umelipa mara mbili. Angalia salio au taarifa ya akaunti kwanza. Ikikataa kufunguka, ngoja. Nawe mwenye duka, usiachilie mzigo kwa kuonyeshwa simu ya mteja. Subiri meseji yako mwenyewe.

Halafu kuna matapeli, ambao hupenda sana siku hizi za mtandao kukwama. Atakupigia akisema anatoka huduma kwa wateja, anarudisha pesa "iliyoning'inia", umpe PIN. Kata simu. Kurudisha pesa hakuhitaji PIN yako hata kidogo.

Ukikatwa mara mbili, tutumie namba zote mbili za muamala kupitia app, huduma ikisharudi. Tukiwa na namba moja tu, hatuwezi kujua ni malipo gani yalijirudia.