Nyumba Kuukuu Lanet: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Lanet, kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, kuna nyumba za zamani zinazouzwa kwa bei ya chini kuliko nyumba mpya. Mkazi mwenye akiba huona nafasi: anunue, akarabati, kisha apangishe. Nafasi ipo, lakini akiba inaweza kuisha kabla mpangaji wa kwanza hajaingia. Somo hili linaeleza mambo manne ya kukagua, moja baada ya jingine.

1. Ardhi huja kabla ya nyumba

Sehemu nyingi za Nakuru ziligawanywa na kampuni za kununua ardhi baada ya uhuru, na hadi leo wapo wauzaji wenye cheti cha hisa pekee. Cheti hicho si hatimiliki. Mnunuzi aombe upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi ili ajue mmiliki ni nani, na kama kuna mkopo au zuio juu ya kiwanja.

Mpima ardhi aliyesajiliwa athibitishe mipaka. Barabara kuu na reli hupita Lanet, na ukuta uliojengwa ndani ya hifadhi ya barabara au ya reli waweza kubomolewa.

Ikiwa nyumba ni ya ndoa, idhini ya mume au mke wa muuzaji ni lazima. Ikiwa mmiliki amefariki, warithi hawawezi kuuza kabla mahakama haijathibitisha urithi. Ardhi ya kilimo huhitaji pia idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Muuzaji aonyeshe cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi ya kaunti, pamoja na bili za maji na umeme zilizolipwa.

Amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, ipitie kwa wakili kwa mkataba ulioandikwa. Isitolewe mkononi.

2. Nyumba yenyewe

Mnunuzi aende na fundi anayemwamini, na ikiwezekana aende baada ya mvua. Udongo wa Nakuru ni wa volkano na hali ya ardhi hutofautiana. Ufa mwembamba kwenye plasta ni jambo dogo. Ufa unaopita ukutani hadi kwenye msingi unahitaji mhandisi. Mbao za paa zikaguliwe mchwa, na nyaya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye leseni.

Paa la asbesto ni gharama ya pekee. Asbesto huhesabiwa kuwa taka hatari, na vumbi lake hudhuru mapafu. Isivunjwe kiholela wala kutupwa shambani. Iondolewe na watu walioidhinishwa na NEMA. Gharama hiyo iingizwe katika mazungumzo ya bei. Kama kuna kisima, maji yapimwe floraidi, kwa kuwa maji mengi ya ardhini katika Bonde la Ufa huwa nayo kwa wingi.

3. Kibali

Kupaka rangi ni kazi ndogo. Kuongeza vyumba au kugeuza nyumba moja kuwa vyumba vya kupanga ni kazi inayohitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kazi ikianza bila idhini, inaweza kusimamishwa huku vifaa vikiharibika.

4. Hesabu

Chukua mfano huu. Nyumba inauzwa Sh3,000,000. Ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, ni Sh120,000. Wakili, mpima ardhi na ada nyingine ni Sh80,000. Ukarabati ni Sh800,000. Jumla ni Sh4,000,000.

Nyumba inapangishwa Sh30,000 kwa mwezi, lakini inakaa mwezi mmoja bila mpangaji. Mapato ya mwaka ni Sh330,000. Kodi ya mapato ya upangishaji, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, ni Sh24,750. Matengenezo, bima na kodi ya ardhi ni Sh45,250. Kinachobaki ni Sh260,000, yaani asilimia 6.5 ya mtaji.

Sasa tuseme nusu ya mtaji, Sh2,000,000, ni mkopo wa riba ya asilimia 14. Riba ya mwaka wa kwanza pekee ni Sh280,000. Nyumba hiyo itamla mwenyewe Sh20,000, kabla hajarudisha hata shilingi moja ya deni. Ndiyo maana hesabu ifanywe kabla ya kutia saini, na akiba ya ziada iwekwe kwa yale yanayofichwa na dari na sakafu.

Maswali ya kujipima

• Je, jina lililo kwenye upekuzi ndilo jina la anayeuza?
• Je, fundi ameandika gharama ya kila kazi?
• Je, kodi ya nyumba itatosha ikiwa itakaa miezi mitatu bila mtu?

Jibu moja likiwa "la", subiri. Nyumba nyingine itapatikana. Akiba ya miaka mingi si rahisi kuipata tena.