Somo: Vidung'ata wa Mizizi Katika Vyungu na Vitalu Vyetu

Katika somo la toleo hili tunaingia chini ya udongo. Kamati nyingi za parokia zina kitalu cha miche: miparachichi, kahawa, miti ya kivuli, na maua ya vyunguni kwa ajili ya kuuza. Kitalu kimoja hugawa miche kwa kaya nyingi, na ndiyo maana tumeona vema tuzungumze juu ya vidung'ata wa mizizi. Mdudu huyu hana mabawa ya kumpeleka shamba la jirani. Anayempeleka mbali ni sisi wenyewe, tukiwa tumebeba mche mkononi.

Vidung'ata wanaokaa juu ya mmea wengi mnawafahamu. Ni wale wadudu laini, weupe kama waliomwagiwa unga, wanaojazana kwenye machipukizi ya mihogo na kwenye mipapai. Wa mizizi ni ndugu zao, ila ni wadogo zaidi. Wengi hawazidi urefu wa milimita tatu, nao huishi maisha yao yote gizani wakifyonza maji ya mizizi. Jike hutaga mayai ndani ya kifuko kinachofanana na pamba. Watoto wakianguliwa hutambaa hadi mzizi mwingine, au hutoka kwa tundu la chini la chungu na kuingia chungu kinachofuata. Maji yanayochuruzika kutoka chungu hadi chungu huwasaidia.

Ugumu wa jambo hili ni dalili zake. Mche hudumaa, majani hugeuka manjano, na mchana hunyauka hata kama ulinyweshwa asubuhi. Mwenye kitalu akiona hivyo huongeza maji. Siku chache baadaye huongeza tena. Mizizi ambayo imekwisha kudhoofishwa sasa inaoza, mche unakufa, na watu husema udongo ulikuwa mbaya au mbegu haikufaa. Kwa hiyo tunaziomba kamati zifuate desturi moja: mche ukinyauka huku udongo ukiwa na unyevu, usiuongezee maji kabla ya kuutoa na kutazama mizizi.

Kutazama ni kazi ya dakika moja. Shika shina kwa chini, pindua chungu, gonga ukingo wake, donge la udongo litatoka zima. Angalia hasa pale udongo ulipogusana na ukuta wa chungu, maana hapo ndipo vidung'ata hupenda kukaa. Utaona madoa meupe, mengine yenye rangi ya samawati kidogo, kama chokaa iliyopakwa kwenye mizizi na kwenye ukuta wa ndani. Msishtuke kwa kila cheupe. Ukungu mwema wa udongo huonekana kama nyuzinyuzi, na chumvi ya mbolea huwa ngumu na huyeyuka majini. Unga wa vidung'ata ni nta. Maji huteleza juu yake. Ukiuminya kwa kidole na kikabaki kimajimaji, umempata. Kwenye kahawa mambo huwa tofauti kidogo: mara nyingine mizizi hufunikwa na gamba la ukungu lenye rangi ya kijani iliyofifia, na mpaka ulibandue ndipo unapowaona wadudu weupe chini yake.

Tazameni pia sisimizi. Vidung'ata hutoa utomvu mtamu ambao sisimizi huupenda, nao huwalinda wadudu hao kama mfugaji anavyolinda ng'ombe, hata kuwahamisha kutoka mzizi hadi mzizi. Njia ya sisimizi inayoingia kwenye shina la mche ni sababu tosha ya kuupindua mche huo.

Wafadhili wetu walioko Ulaya nao wanaweza kuwa na mdudu huyu dirishani. Lile ua dogo la zambarau linalojulikana kama Saintpaulia asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, ikiwemo milima ya Usambara, ambako Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikusanya mwaka 1892. Wanaolifuga vyunguni wanawajua vizuri vidung'ata wa mizizi, kwa kuwa ni miongoni mwa wadudu wanaolisumbua sana.

Sasa tufanye nini? Mche wa bei ndogo ulioshambuliwa sana, uchomeni pamoja na udongo wake. Tunajua inauma, hasa kwa kikundi kilichohesabu miche yake na kuipangia matumizi. Lakini mche mmoja uliohurumiwa unaweza kurudisha ugonjwa kwenye tuta zima. Msiutupe kwenye shimo la mboji.

Mmea wenye thamani unaweza kuokolewa. Ondoeni udongo wote, osheni mizizi kwa maji yanayotiririka, kateni iliyokufa, kisha pandeni kwenye udongo safi na chungu kilichosafishwa kwa maji yanayochemka. Mmea huo ukae peke yake, mbali na mingine, na upinduliwe kila baada ya wiki mbili au tatu kwa miezi kadhaa, kwa sababu mayai machache yaliyobaki yanatosha kuanza upya. Huko Hawaii watafiti walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kuzamisha chungu kizima katika maji ya nyuzi joto 49 mpaka katikati ya donge kufikia nyuzi 46 huua wadudu hawa. Njia hiyo inahitaji kipimajoto, wala isijaribiwe kwa kubahatisha kwa mkono, maana joto likizidi mizizi nayo huiva.

Maji ya sabuni na maji ya mwarobaini tunaulizwa kila mara. Yanasaidia kupunguza watoto wasio na nta nyingi. Kuwamaliza wakubwa ndani ya donge la udongo, hapana. Dawa za chembechembe za kufukia ardhini ndizo zinazotutia hofu zaidi. Mojawapo, karbofurani, ni sumu kali kwa watu na ndege, na mwaka 2017 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam wa kemikali za hatari. Haina nafasi kwenye kitalu ambacho watoto huja kusaidia kumwagilia.

Wengine watakumbuka jinsi kidung'ata wa mihogo alivyoshindwa kwa nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, aliyeletwa kutoka Paraguay na kuanza kuachiliwa Afrika mwaka 1981. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini yule alikaa juu ya mmea, mahali ambapo nyigu humfikia. Wa mizizi amefunikwa na udongo na kulindwa na sisimizi, hivyo kazi inabaki kwa mwenye kitalu.

Kazi hiyo huanzia kwenye udongo. Mahali penye joto, lowesheni udongo, uenezeni usiwe mnene, ufunikeni kwa nailoni angavu na uacheni juani wiki nne hadi sita za kiangazi. Nyanda za juu zenye baridi jua halitoshi; huko tumieni pipa lenye maji kidogo chini na wavu juu yake, mkaupike udongo kwa mvuke. Fukieni kiazi kimoja katikati ya udongo. Kiazi kikiiva, udongo umekwisha. Uacheni upoe mahali safi, na viriba viwekwe juu ya meza ya mabanzi au kokoto, visikae ardhini.

Kwa kamati zitakazogawa miche msimu huu: kabla ya siku ya kugawa, chagueni miche kumi kutoka pembe mbalimbali za kila tuta, muipasue viriba na kutazama mizizi mbele ya wanakikundi. Mkikuta hata mmoja wenye vidung'ata, tuta hilo lisigawiwe mpaka kila mche ukaguliwe. Wafadhili wanaopokea taarifa yenye idadi ndogo ya miche kuliko ilivyopangwa wasome na sababu iliyoandikwa pembeni.