Mark X na Mlima wa Magara: Hesabu za Kufanya Kabla ya Kulipa

Mkulima wa Mbulu ambaye vitunguu saumu vimemlipa vizuri mwaka huu, au wa Basotu aliyeuza ngano kwa bei ya kuridhisha, akianza kuulizia gari la kifahari lenye mbio, kwa kawaida atasikia majina matatu: Mark X, Crown Athlete, na mwenye kipato zaidi atatajiwa Lexus IS250. Dalali atamweleza rangi, namba, mlio wa injini na sauti ya muziki. Hatamweleza jinsi gari hilo litakavyoshuka Magara siku ya mvua likiwa na watu watano ndani. Swali hilo lina majibu ya sayansi, na majibu yenyewe yanahitaji kuzidisha na kugawanya tu.

Tulifahamu gari kwanza. Toyota ilianza kuuza Mark X mwaka 2004 ikichukua nafasi ya Mark II, ikatoa toleo la pili mwaka 2009, na uzalishaji ukakoma mwaka 2019. Injini iko mbele, na katika nyingi zinazouzwa kwetu tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Injini iliyozoeleka ni ya lita 2.5 yenye silinda sita, inayoitwa 4GR-FSE. Injini hiyo hiyo imo ndani ya Crown nyingi na ndani ya IS250, kwa hiyo mengi tutakayosema yanawahusu ndugu wote watatu. Gari tupu lina kilo zinazokaribia 1,550. Weka watu watano na mizigo, utakaribia kilo 1,900. Hiyo ndiyo namba tutakayoitumia.

Sasa mlima. Ukitoka Mbuyu wa Mjerumani kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Babati, unapita chini kwenye bonde la Ziwa Manyara, ambalo liko takribani mita 960 juu ya usawa wa bahari. Unavuka Daraja la Magara, unaupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na ukifika Mbulu mjini umepita mita 1,700. Tofauti ni zaidi ya mita 700. Anayetoka upande wa Dareda kupitia Bashnet kwenda Dongobesh anaupanda ukingo huo huo mahali pengine.

Kunyanyua kilo moja kwa mita moja kunahitaji nishati ya jouli 9.8 hivi. Zidisha: kilo 1,900 mara 9.8 mara mita 700. Unapata jouli milioni 13. Nishati hiyo lazima itoke kwenye petroli wakati wa kupanda, na, jambo ambalo wengi hulisahau, lazima iende mahali wakati wa kushuka. Nishati haipotei. Gari lililoko Mbulu mjini lina deni la jouli milioni 13 ambalo litalipwa lote kabla halijafika bondeni, na kwa sehemu kubwa litalipwa kwa joto.

Tuanze na kupanda, maana ndiko wanunuzi wanakoweka hofu yao, na ndiko hofu isikostahili kuwa. Chukua mwinuko wa asilimia 10, yaani kila mita 10 za barabara zinakuinua mita moja, na mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Gari linapanda juu kwa mita 1.1 kila sekunde. Zidisha kwa uzito, unapata takribani kilowati 21, sawa na nguvu za farasi 28. Ongeza msuguano wa tairi na upinzani wa hewa, bado hufiki farasi 40. Toleo la pili la Mark X ya lita 2.5 lilitoka kiwandani na farasi 203.

Ni kweli kwamba mlimani injini inapungua. Petroli haiungui bila oksijeni, na kwenye mita 1,750 kila lita ya hewa ina uzito wa asilimia 84 tu ya hewa ya pwani. Injini hii haina tabo ya kuisukumia hewa, kwa hiyo inavuta kile ilichopewa, na farasi 203 wanabaki kama 170. Lakini 170 bado ni mara nne ya unachohitaji. Ndiyo maana naona aliyelipa mamilioni ya ziada kupata Mark X ya lita 3.5 ili "isichoke mlimani" amenunua kitu ambacho mlima haukumwomba. Injini kubwa inakula mafuta zaidi hata ikiwa imesimama kwenye foleni ya kituo cha mafuta Katesh, na ushuru wake bandarini unapanda pamoja na ukubwa wake na umri wake.

Kinachochoka mlimani ni mfumo wa kupoza. Injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Ili tairi zipate kilowati 24, injini inachoma mafuta ya kilowati zipatazo 100, na theluthi ya hizo, kilowati zaidi ya 30, inaingia kwenye maji ya rejeta. Maji hayo yanapozwa na hewa, ile ile iliyopungua uzito, tena gari likienda polepole kiasi kwamba upepo wa mbele ni hafifu na feni ndiyo inayobeba kazi.

Hapa kuna jambo ambalo fundi wa Dar es Salaam anaweza kulipuuza asipate hasara, lakini wa Mbulu hawezi. Maji huchemka pale mvuke wake unaposhinda mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Pwani hilo hutokea kwenye nyuzi 100. Mbulu mjini hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ndiyo sababu maharage yanachukua muda mrefu zaidi jikoni. Injini nayo inafanya kazi kwa raha kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu. Kinachotenganisha gari lako na kuchemsha ni mfuniko wa rejeta, ambao unashikilia mgandamizo wa ziada karibu sawa na ule wa hewa ya pwani nzima. Mfuniko ukiwa mzima, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115, iwe Mbulu au Tanga. Ukiwa umechoka, mpira wake umekakamaa na springi imelegea, wa Tanga anabakiwa na nafasi ya nyuzi chache na wa Mbulu hana kitu. Injini hii kichwa chake ni cha alumini, na ikichemsha kichwa kinapinda. Mfuniko mpya wa rejeta ni miongoni mwa spea za bei nafuu kabisa za gari hili. Nunua siku ile ile unayonunua gari, na weka kulanti iliyochanganywa sawasawa, maana kulanti nayo inapandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu.

Tugeuke tushuke. Deni la jouli milioni 13 linadaiwa sasa. Kuelewa ukubwa wake, fikiria ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji ya baridi: joto hilo linatosha kuzichemsha zote mbili. Sasa, badala ya maji, joto hilo lipe diski nne za breki zenye jumla ya kilo 30 za chuma. Kila kilo ya chuma hupanda nyuzi moja kwa jouli 460 hivi. Gawanya, utapata kwamba diski zingepanda kwa nyuzi zaidi ya 900 kama breki zingebeba mzigo wote bila kupoa. Bila shaka zinapoa njiani, na upepo na tairi vinachukua sehemu yao. Lakini hesabu inaonyesha wazi kwamba breki peke yake hazikuumbwa kulipa deni hili.

Kinachoharibika kwanza si diski. Mguu wako unaposukuma pedeli, nguvu inasafiri ndani ya mafuta ya breki, kwa sababu kimiminika hakibanwi kirahisi. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa kawaida wa matumizi, kiwango chake kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Joto la diski likipita kwenye pedi na pistoni likayafikia, yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminika, unabanwa. Pedeli inazama hadi sakafuni na gari haliitiki. Dereva atasema breki "zimekata", ingawa hakuna kilichokatika. Gari lililokaa Japani miaka, likasafiri baharini, likauzwa mara mbili Tanzania, linaweza kuwa na mafuta yale yale ya breki tangu mwanzo. Yabadilishwe yote, mpaka kwenye mabomba, na usikubali kuongezewa juu tu.

Mlipaji wa pili wa deni ni injini yenyewe. Unapoachia pedeli ya mafuta ukiwa kwenye gia, tairi ndizo zinazoizungusha injini. Pistoni zinavuta hewa kupitia mlango uliofungwa, zinahangaika, na kazi hiyo inageuka joto linalotoka kwa ekzosi na rejeta. Gia boksi ya Mark X ina gia sita na nafasi ya kuchagua gia kwa mkono. Weka gia ya pili juu ya Magara, shuka kilomita 30 kwa saa, na sehemu kubwa ya mzigo itachukuliwa na injini, breki zibaki za kona na dharura.

Wapo madereva wanaoweka fri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Sayansi inawakatalia mara mbili. Gari la kisasa likiwa kwenye gia huku mguu umeondolewa, kompyuta hufunga kabisa nozeli za petroli, kwa kuwa mteremko unaizungusha injini bure. Likiwekwa fri, kompyuta lazima iendelee kuchoma petroli ili injini isizime. Kwa hiyo anayeshuka fri anatumia mafuta mengi zaidi, na deni lote la mlima amelitwika kwenye breki. Naomba kila anayesoma haya amweleze dereva wake.

Sasa uvungu. Mark X ina uvungu wa sentimita 15 na kitu ikiwa tupu, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.85. Chora pembetatu: gari hili likivuka tuta lenye ncha, tumbo litagusa pale kila upande wa tuta unapozidi mwinuko wa asilimia 11 hivi. Pandisha watu watano, springi zibonyee sentimita nne, na kikomo kinashuka hadi asilimia 8 hivi. Barabara kuu ya Babati kwenda Singida kupitia Katesh ni ya lami na gari litafurahi. Njia za ndani za vijiji vya Hanang, zenye mikondo iliyochimbwa na maji, ni jambo jingine. Kijana aliyeshusha springi ili gari "lilale" ameuza sentimita ambazo haziuzwi.

Rimu nazo zina hesabu yake. Tairi likigonga jiwe, nishati ya pigo humezwa katika umbali ambao mpira unaweza kubonyea, na umbali ukipungua kani inaongezeka. Tairi la 215/60 la rimu ya inchi 16 lina ukuta wa milimita 129. La 235/45 la inchi 18 lina milimita 106 tu, kwa hiyo pigo linafika kwenye rimu, bushi na shokapu mapema zaidi. Kwa wilaya za Mbulu na Hanang ningechukua inchi 16 bila kufikiri mara mbili.

Tope je? Kani ya kusukuma haiwezi kuzidi uzito ulio juu ya tairi zinazosukuma mara kiwango cha msuguano. Kama nusu tu ya uzito iko nyuma, kupanda mwinuko wa asilimia 10 kwenye tope linaloburuta tairi kunadai msuguano wa 0.3 hivi. Udongo wa mfinyanzi uliolowa mara nyingi hautoi kiasi hicho. Watu husema mlima wenyewe unahamishia uzito nyuma na kusaidia. Ni kweli, lakini kwa mwinuko huo kinachohamia ni asilimia 2 tu ya uzito. Mark X zenye kusukuma kwa tairi zote nne zipo, na kwa anayeishi nje ya lami zina maana kuliko farasi mia za ziada.

Limebaki jambo la petroli. Injini hii hunyunyizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa mgandamizo unaofika makumi ya mara ya ule wa hewa. Pampu na nozeli zake zina nafasi finyu mno, na vumbi au maji kutoka petroli ya vidumu huzikwaruza. Tena, kwa sababu petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, hakuna cha kuzisafisha, na masizi hujijenga hapo. IS250 inajulikana kwa tatizo hili. Injini ikitetemeka ikiwa imesimama, usikubali jibu la "ni plagi tu" mpaka vali zichunguzwe na gari lisomwe kwa kompyuta.

Kabla ya kutoa fedha, omba kuliwasha gari likiwa baridi kabisa asubuhi, kisha lipandishe Magara au Dareda ukiwa na watu wazito, ukiangalia kipimo cha joto. Geuza, shuka kwa gia ya pili, simama chini na ukanyage breki kwa nguvu ukihesabu hadi thelathini. Pedeli isizame. Muuzaji akikataa gari lake lishuke mlima kabla ya malipo, tafuta gari jingine.