Konokono Mwindaji wa Miamba ya Watamu

Ukifika Watamu, pwani ya Kenya, kabla ya kuulizia boti ulizia maji yanakupwa saa ngapi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na miamba hubaki wazi. Vaa viatu vya soli ngumu. Ingia maji yakiwa bado yanatoka, utoke mara yanapoanza kujaa.

Konokono unayemtafuta ana urefu wa sentimita mbili hivi. Mgongo wake wa kijivu umejaa vinundu vyeusi vilivyojipanga safu kwa safu. Aliyewahi kula forosadi hatapata shida kumtambua. Jina lake la kitaalamu ni Tenguella granulata, wa ukoo wa Muricidae, walaji nyama watupu.

Ila mgongo usiuamini sana, maana mwani na chokaa huuficha. Mgeuze taratibu umtazame mdomo. Wake ni mwembamba, na ukingo wa nje una vijino vichache kwa ndani. Ukikuta mdomo wa zambarau iliyoiva, huyo ni Drupa morum. Mdomo mweupe na miiba mgongoni, ni Drupa ricinus. Aliyeng'ang'ania tumbawe hai na kuliachia baka jeupe ni Drupella cornus, naye hula tumbawe lenyewe.

Kazi ya Tenguella utaiona kwenye magamba ya chaza: tundu dogo la duara, safi kabisa. Konokono hulainisha gamba kwa majimaji ya tezi iliyo mguuni, akalikwangua kwa ulimi wenye meno, akarudia tena na tena kwa saa nyingi mpaka aifikie nyama. Kwa mnyama asiye na mikono, ni ufundi wa kutisha.

Gamba laini lenye umbo la koni usiliguse. Baadhi ya konokono wa aina hiyo wana sumu inayoua mtu.

Watamu ni hifadhi ya taifa ya bahari tangu 1968, na kuokota makombe humo ni marufuku, hata yaliyo matupu, kwani kaa huyahamia. Piga picha mbili, ya mgongo na ya mdomo, kisha mrudishe kwenye ufa uleule ulimomtoa, mdomo ukiwa chini.