Mizani ya Kliniki na Kilo Iliyopotea

Mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotuomba makala ya mwaka huu, wenzangu wengi walikimbilia methali na vitendawili. Mimi nimeamua kuandika kuhusu mizani. Si mizani ya shairi, ile ya kuhesabu silabi hadi vidole vikaisha, bali mizani ya kidijitali ya kupimia uzani wa watu hospitalini: namna ya kuiunganisha, kuitumia na kuitunza. Mwalimu alicheka kidogo kisha akasema, "Andika, lakini kiwe Kiswahili." Nimejaribu. Hata hivyo, kwanza nitawaeleza kisa kilichonifanya niichague mada hii, maanake bila hicho mtadhani nimeajiriwa kuuza mizani.

Likizo ya Aprili nilimsindikiza mama kliniki, upande huu wetu wa Kinoo, kumpeleka kitindamimba wetu apimwe. Alikuwa ametimiza miezi 11. Mwezi uliotangulia alikuwa na kilo 8.5. Tulipofika zamu yetu nilikuwa nimembeba mtoto, akiwa amevuliwa nguo. Mama alivua viatu, akapanda kwenye mizani. Sista akabonyeza kitufe. Nikampa mama mtoto, na kama kijana mwenye adabu nikamwondolea mfuko uliokuwa ukimteleza begani. Namba zilichezacheza, zikasimama: 7.7.

Sista alifungua kijitabu cha afya ya mama na mtoto akatia alama. Ule mstari uliokuwa ukipanda mwezi baada ya mwezi ulipinda ukaelekea chini. Hapo maswali yakaanza. Je, mtoto ameharisha? Anakula nini? Nani hubaki naye mama akienda sokoni? Tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Tulitembea hadi nyumbani bila kusemezana. Usiku baba aliuliza swali moja tu, "Kwani huyu mtoto hula nini ukiwa sokoni?" Mama hakujibu. Tangu siku hiyo alianza kumlisha mtoto uji kwa lazima, mtoto analia, na mama mwenyewe machozi yanamlengalenga.

Sasa tuingie darasani. Mizani hii hujuaje uzani wa mtu? Ile ya zamani, ambayo bado inapatikana katika kliniki nyingi, huning'inizwa juu, ina uso kama wa saa, na mtoto huvishwa suruali maalum akaning'inia akipiga mateke. Ndani yake mna springi. Tuliosoma fizikia kidato cha pili tunaikumbuka sheria ya Hooke: kadiri unavyoivuta springi ndivyo inavyorefuka, mradi usipite kiasi. Ya kidijitali haiachani na Hooke. Chini ya bamba la kukanyagia mna vipande vya chuma ambavyo hupinda ukivikanyaga, lakini hupinda kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Juu ya chuma hicho mmebandikwa nyaya nyembamba mno. Chuma kinapopinda waya hurefuka na kuwa mwembamba zaidi, na ukinzani wake kwa umeme huongezeka. Mashine hupima badiliko hilo, ikaligeuza kuwa namba. Ujuzi wa kubandika nyaya hizo ulibuniwa Marekani mwaka wa 1938 na watu wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake bila kujua kazi ya mwenzake.

Tazama basi: mashine haimwoni mtoto. Inahisi chuma kimepinda kiasi gani, basi. Chochote kinachokipinda chuma hicho, au kinachokizuia kisipinde, kimo ndani ya hesabu.

Ndiyo sababu kuunganisha kunaanza na sakafu, si na stima. Iweke kwenye simiti ngumu na tambarare. Ukiiweka juu ya zulia, miguu yake huzama na bamba likagusa zulia, na zulia likaubeba uzani ambao ungekwenda kwenye chuma. Isiguse ukuta wala mguu wa meza. Mizani nyingi zina kiputo cha hewa ndani ya kijichupa, kama pimamaji ya fundi wa mawe. Zungusha miguu yake yenye skrubu hadi kiputo kikae katikati ya duara. Kama imesafirishwa, angalia kwanza kama mna skrubu au kipande cha kufungia kilichotiwa ili isiumie njiani. Kisipotolewa, utakanyaga hadi uchoke.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye waya. Ikiwa kioo cha namba kimetengana na bamba, waya wake una kichwa chenye vipini vinavyoingia kwa upande mmoja tu. Usilazimishe. Waya huo usipite chini ya bamba, kwa sababu ukibanwa hapo utafanya kazi ileile ya zulia. Stima yetu Kenya ni ya volti 240, lakini mizani hutaka volti chache tu, kwa hivyo inakuja na kigeuzi chake. Tumia hicho, si cha redio ya jirani hata kama kichwa kinaingia. Chomeka kwenye mizani kwanza, kisha ukutani, halafu uwashe swichi. Na kwa kuwa stima hupotea bila kubisha hodi, afadhali betri ziwemo, zote mpya kwa pamoja; usichanganye betri mpya na kuukuu. Kuna nyingine pia zinazounganishwa na kompyuta ili namba iingie yenyewe kwenye faili la mgonjwa, lakini hizo sitakawia nazo, maanake sijaziona kwa macho.

UNICEF ilisambaza mizani moja iliyoitwa UNISCALE ambayo nimeipenda kwa uerevu wake. Ina kidirisha kinachonasa mwanga, nawe huiwasha kwa kukifunika kwa sekunde moja kisha kukifunua. Hatari yake mnaweza kuikisia: mama mwenye rinda refu au leso ndefu akipanda, nguo ikafunika kidirisha, mizani hukosa mwanga au hudhani imeamriwa jambo.

Tuje kwenye kuitumia. Ukiiwasha, usiikanyage. Inapoamka, aghalabu huchukua kila kilicho juu yake kuwa ndiyo sifuri. Ngoja hadi uone 0.0. Mgonjwa avue viatu na makoti, atoe simu na funguo mfukoni, asimame katikati, asiegemee popote, atulie. Namba zinazochezacheza bado si namba. Subiri zisimame ndipo uandike, na uandike papo hapo, kwani kichwa cha binadamu ni pakacha.

Mtoto asiyeweza kusimama hupimwa kwa njia ya mama na mtoto. Mama hupanda peke yake. Mpimaji hubonyeza kitufe, namba ya uzani wa mama ikafutika ikawa 0.0, ingawa mama bado yuko juu. Halafu mama hupewa mtoto akiwa palepale, na mizani huonyesha uzani wa mtoto peke yake. Ni hesabu ya kutoa ambayo mashine hutufanyia. Mama akiwa mzito sana na mtoto ni mchanga sana, huenda mizani ikashindwa kumtambua mtoto vizuri. Hapo hutafutwa mtu mwepesi wa kumshika.

Ilikuwa siku ya kumi hivi tangu twende kliniki. Nilitumwa dukani kununua mchele nusu kilo. Mwenye duka aliweka bakuli tupu kwenye mizani yake, akabonyeza kitufe, ikasoma 0.00. Akamimina mchele hadi 0.50. Alipoliinua bakuli ili anifungie, nikaona kitu ambacho nimekiona mara mia bila kukiona: kioo kilionyesha kistari cha kutoa, halafu 0.20. Mizani ilikuwa ikikumbuka bakuli ambalo halipo tena, ikalihesabu kama deni.

Nilisimama pale kama aliyepigwa na stima. Ule mfuko! Mama alipanda na mfuko begani. Sista alipobonyeza, mizani ilimfuta mama pamoja na mfuko wake. Kisha mimi nikampa mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikauondoa mfuko. Uzani wa mfuko ulitolewa kwenye uzani wa dada yangu. Kilo iliyopotea niliiba mimi.

Nilikimbia nyumbani nikaujaza mfuko vilevile: chupa ya uji, nepi, leso, kijitabu. Nikarudi nao dukani, na mwenye duka akanipimia huku akiniuliza kama naumwa. Kilo 1.2. Jumlisha 7.7 na 1.2 upate 8.9. Mtoto hakuwa amepungua hata kidogo. Alikuwa ameongezeka gramu 400.

Huenda mtu akasema, kilo moja ni kitu gani? Wacha niwape mfano. Dawa nyingi za watoto hutolewa kwa kilo. Ile dawa ya malaria yenye aina mbili ndani ya kidonge kimoja, artemether na lumefantrine, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mara, lakini kuanzia kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Mtoto wa kilo 15.4 akisomwa 14.2 kwa sababu ya mfuko, atapewa nusu ya dawa anayostahili, na malaria haimwonei huruma mtu kwa sababu mizani ilikosea.

Siku ya kurudi nilimwambia mama niende naye. Tulipofika nilisema, "Sista, shikamoo. Nina kosa la kuungama." Nikamweleza yote, na kipimo cha mfuko. Niliogopa atanifokea, lakini alinisikiliza hadi mwisho. Akaweka mfuko sakafuni mwenyewe, akapima mara tatu: 9.1, 9.1, 9.1. Kwenye kijitabu aliizungushia duara ile alama ya zamani, akaandika kando yake kwamba kipimo kilikuwa na kasoro. Halafu kwa kuwa foleni ilikuwa fupi, na mimi ni mdadisi kupita kiasi, akanionyesha anavyoitunza.

Kila asubuhi kabla ya mtu yeyote huipima mizani yenyewe. Njia ambayo hata sisi tunaweza kuitumia ni unga: pakiti moja ni kilo 2, na bunda la pakiti 12 ni kilo 24, ukiacha uzani mdogo wa karatasi. Weka bunda katikati, kisha kwenye kila pembe. Ikisoma sawa kote, ni nzima. Ikisoma tofauti pembeni, pana mguu uliolegea au uchafu uliokwama chini ya bamba. Kwetu Kinoo msimu wa mvua ule udongo mwekundu huingia hadi chini ya miguu ya mizani, ukikauka unakuwa kama jiwe. Husafishwa kwa kitambaa chenye unyevu, si kwa kumwagiwa maji, na dawa kali ya kuondoa madoa isiikaribie. Isivutwe kwa waya wake wala kuinuliwa kwa kushika kioo. Isigeuzwe kuwa rafu ya kuwekea katoni za dawa usiku kucha, kwa sababu chuma kinachokandamizwa muda mrefu hukawia kurudi. Ikikaa wiki nyingi bila kazi, betri zitolewe zisije zikavuja.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu wetu wa fizikia alinithibitishia baadaye, nami nikafurahi sana kulijua. Mizani hii hupima nguvu ya mvuto wa dunia, na mvuto haulingani kila mahali. Ulaya ya kaskazini ni kama 9.81, huku kwetu, karibu na ikweta na juu ya mlima, ni kama 9.78. Mizani iliyosawazishwa kule ikaletwa Nairobi bila kurekebishwa itamsoma mtu wa kilo 60 pungufu kwa gramu 200 hivi. Ndiyo maana fundi huja na mawe yake ya chuma yenye uzani unaojulikana, akaisawazisha papo hapo itakapotumika, na ndiyo maana ikihamishwa mbali husawazishwa upya. Kwa hiyo usijivunie kupungua kabla hujauliza mizani ilitoka wapi.

Tulipomaliza, mama aliagana na sista, akamfunga mtoto mgongoni. Niliinama kuuchukua mfuko. Aliniwahi, akauchukua yeye, akaubeba mwenyewe hadi nyumbani.