Madaftari Mawili, Mshumaa Mmoja

Chini ya godoro una madaftari mawili. Moja lina hadithi ya bibi yako na ufalme wa Waluba, ile unayoibeba tangu utoto. La pili lina kisa cha mapenzi ndani ya treni, nalo lingeuzika. Uandike lipi?

1. Anzia kituoni. Hapa Kamina reli ya kutoka Lubumbashi inagawanyika, huku Kananga na Ilebo, huku Kabalo na Kalemie. Treni ikichelewa, nayo huchelewa, watu hulala juu ya mizigo yao. Msomee mmoja kurasa tatu. Akiuliza "halafu?", umempata. Akianza kuhesabu karanga zake, badilisha mwanzo kabla hujabadilisha riwaya.

2. Usidharau kinachouzika. Zamenga Batukezanga (1933–2000) aliandika vitabu vyembamba kwa Kifaransa chepesi. Wasomi walimnunia, wasomaji wakamnunua.

3. Kazi ya soko ilishe ya moyo. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mchoraji, lakini shida yake ndiyo yako. Aliishi kwa kuuza picha za kutundika sebuleni, Colonie Belge ile ile na mfungwa wake anayechapwa viboko, tena na tena. Kichwani, kumbe, alikuwa na historia nzima ya nchi yetu, Kongo. Miaka ya 1973 na 1974 akakutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa Lubumbashi. Wakazungumza kwa Kiswahili, na Tshibumba akachora picha zipatazo 100, tangu enzi za mababu hadi Mobutu. Mimi naamini zile Colonie Belge za kuuza ndizo zilizomlainisha mkono.

4. Amua lugha mapema. Soko letu linadai Kifaransa, bibi anadai Kiluba. Kiswahili kila mtu anakisema, wachache wanakichapa. Rasimu iandike kwa lugha ambayo wahusika wako wanagombana kwayo.

5. Soko halijijui. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alichapisha riwaya ya Tram 83 mwaka 2014: baa, wachimba migodi, kituo cha reli, sentensi zinazokwenda kama saksafoni. Nani angemshauri hivyo? Ikatafsiriwa, ikapata Tuzo ya Fasihi ya Etisalat ya 2015.

6. Bado unasita? Toa madaftari, uyakague. Lenye alama za vidole vya bukari, ugali wetu, ndilo unalolifungua hata wakati wa kula. Endelea na hilo. Jingine lifunge kwenye nailoni, mvua ziko njiani.